Feruzi yako imegeuka kijani? Soma hapa kabla ya kuirudisha

"Dada, ule mkufu wa feruzi niliochukua kwenu ulikuwa samawati kabisa, sasa unaelekea kijani. Mliniuzia bandia?"

Ujumbe wa namna hii tunaupata kila msimu wa joto, na tunaelewa uchungu wa anayeuandika, maana fedha imemtoka. Jibu ni hapana, si bandia. Kugeuka kule ni dalili mojawapo kwamba jiwe ni la kweli.

Feruzi ni madini yenye shaba, alumini na fosfati, na ile samawati inatokana na shaba. Si jiwe gumu sana, na lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo linakunywa. Jasho, mafuta ya nazi, uturi, sabuni, vyote vinaingia, na rangi inasogea polepole kwenye kijani. Ukiuvaa mkufu wako Mombasa au Unguja mwezi wa pili, shingo imepakwa mafuta, jiwe litabadilika tu.

Mapambo yetu yanatoka Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, milimani kwenye mji wa Leh ulio takriban mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Huko pambo kuu la mwanamke ni perak, na ningependa kila mteja wetu alijue. Ni ukanda mpana wa ngozi uliofunikwa kitambaa chekundu. Unaanzia kwenye paji la uso, unapita utosini, unashuka mgongoni. Juu yake zimeshonwa feruzi safu kwa safu, na pembeni vipande viwili vya ngozi nyeusi ya mwanakondoo, yenye manyoya, vinatokeza kama masikio makubwa. Ukiitazama kwa nyuma utaona umbo la swila aliyetanua shingo. Waladakhi wanalihusisha na lu, viumbe wa chini ya ardhi na wa kwenye chemchemi. Zamani idadi ya safu ilitambulisha hadhi ya mvaaji: 9 za malkia, 7 za watukufu, 5 au 3 za watu wengine.

Perak hutoka kwa mama kwenda kwa binti mkubwa anapoolewa. Hebu fikiria vizazi vingapi vya vidole, nywele na mafuta vimepita juu ya mawe yale. Ndiyo maana kwenye perak moja utakuta jiwe la samawati limekaa ubavuni mwa la kijani, na jingine lina mishipa myeusi. Mkufu ambao mawe yake yote ni rangi moja, bila doa wala mshipa, ndio wa kutiliwa shaka. Mara nyingi ni haulaiti, jiwe jeupe lililochovywa rangi, au ni unga wa mawe ulioshikanishwa kwa gundi ya plastiki. Chovya pamba kwenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, uguse kidogo mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, jiwe limepakwa. Isipotoka, bado lilete tulitazame kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu bandia nyingine hufaulu jaribio hilo.

Wapo wanaotuomba turudishe samawati. Inawezekana kulichovya jiwe rangi, lakini hatufanyi hivyo. Wapo pia wanaotuomba tuwatafutie mawe yaliyong'olewa kwenye perak za zamani. Hatununui na hatutauza. Ule ni urithi wa binti fulani, na ukishavunjwa vipande haurudi tena.

Kuhusu nguo na viatu vya Ladakh nitasema machache. Goncha, lile joho la sufu, haliungwi kwa viraka kama mteja mmoja alivyodhani. Kitambaa chake, nambu, hufumwa vipande vyembamba virefu, kisha hushonwa pamoja. Mishono ile inatokana na ufumaji wenyewe. Usilitie kwenye mashine ya kufulia. Nazo pabu, viatu vyenye sehemu ya juu ya sufu, zilibuniwa kwa baridi kavu; Leh hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka mzima. Ukizivaa masika umeziua.

Turudi kwenye mkufu. Jipake mafuta na uturi kwanza, subiri vikauke, kisha ndipo uvae. Uvue kabla ya kuoga. Ukiuvua, ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, bila sabuni. Uzi ukianza kulegea usingoje ukatike barabarani: tuletee, tutautunga upya bila malipo kama ulinunua kwetu, na kila jiwe tutalirudisha mahali pake, la kijani na la samawati.