Ile haikuwa kiki, mhariri

Mhariri, za kazi. Mi ni kinyozi hapa Kijenge, Arusha, saluni yangu ipo barabarani kabisa na gazeti lako halikosi kwenye benchi kwasababu wateja wakisubiri zamu wanataka cha kusoma, na ukurasa wa burudani ndo huwa unachanika wa kwanza. Wiki iliyopita mmeandika habari ya dogo mmoja rapa wa huku huku kwetu, kichwa cha habari kinasema kazua vurugu kutafuta kiki, yaani kujitangaza kwa skendo, ya ngoma yake ya kwanza. Yule dogo namnyoa tangu yuko darasa la tano. Mistari yake ya rap ya mwanzo mwanzo kaichana humu ndani, mashine inaunguruma kichwani na ye anachana tu, siku moja nikamkata sikio, alama anayo mpaka leo. Sasa naomba nafasi kidogo maana mwandishi wenu hajauliza mtu, au kama aliuliza basi alimuuliza asiyekuwepo.

Dogo kazi yake ni kuosha magari kule chini karibu na Mto Themi. Kajichanga miezi kadhaa akaingia studio, ngoma nzima sh 80,000, akatanguliza 50,000 ikabaki 30,000. Biti ikapigwa, vesi mbili akaingiza, korasi alikuwa aje kuimba dada mmoja wa kwaya, siku hiyo hakutokea, kwaiyo dogo akaweka nananana tu kushikilia nafasi mpaka dada apatikane. Hiyo ni demo, mhariri. Hata kujisajili BASATA, baraza la sanaa, alikuwa bado, alisema akimaliza deni la studio ndo aanze na hayo mambo, aitoe kiutaratibu.

Na kwenye hiyo demo kulikuwa na tatizo, vesi ya pili yote kampa bosi wake. Bosi alikuwa anamdai... yaani dogo ndo alikuwa anamdai bosi hela ya wiki mbili, basi kamchana na jina lake la mtaani kabisa, na tumbo lake, na viatu vyake. Mi alivyonisikilizisha kwenye simu nilicheka mpaka nikazima mashine, alafu nikamwambia we dogo, unamdisi bosi alafu kesho asubuhi unaenda kuchukua ndoo kwake? Akanielewa. Akaandika vesi nyingine, akampigia prodyuza kwamba ile ya zamani ifutwe, akaambiwa malizia kwanza hela.

Prodyuza akaitia demo kwenye flashi akampa dereva wa kifodi, daladala zetu za huku. Ye anasema alitaka tu watu waonje, dogo anasema alikuwa anamkomoa kwasababu ya deni, mi sikuwepo siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba siku tatu hazikuisha ikawa inapigwa kuanzia Kijenge mpaka soko la Kilombero, Ngarenaro huko, Unga Limited, watoto wa shule wanapita hapa mlangoni nananana, nananana, na kuna mtu hata sijui ni nani akaipandisha YouTube na picha ya rapa mwingine kabisa.

Sasa hiyo mnayoiita vurugu. Kifodi kimoja kikaletwa kuoshwa pale pale kwa bosi, milango wazi, spika zinapiga hiyo ngoma, vesi ya pili ikaingia, bosi kasimama anasikiliza jina lake, na dogo ndo kashika sponji. Hebu fikiria! Bosi kapiga ndoo teke, kamkunja dogo shati, watu wakajaa, simu zikatoka, ndo hiyo video mliyoiona. Dogo hakurusha ngumi hata moja, itazameni tena taratibu. Kazi ikaishia hapo hapo na zile wiki mbili hajalipwa. Na umri wake ni miaka 19 sio 24 kama mlivyoandika.

Sikatai kiki zipo, wasanii wanaachana Ijumaa wimbo unatoka Jumatatu, tumeshazoea. Ila niambie nani anatafuta kiki kwa kujifukuzisha kazi kwa ngoma ambayo hata korasi haina?

Kinachoniuma zaidi ni kitu kingine. Habari yenu nzima hamna hata mstari mmoja unaosema dogo anachana vipi. Hapa Chuga, Arusha yetu, hiphop sio jambo la jana, kundi la X Plastaz wameanza 1996 na albamu yao ya 2004 ilitolewa na kampuni ya Ujerumani, Wamasai ndani ya hiphop, nani alikuwa amewahi kusikia kitu kama kile? Faza Nelly wao alivyouawa 2006 nina wateja ambao jina lake walilijua siku ya msiba. Rapa Dogo Janja nae katoka hapa hapa akaenda Dar kwa msanii mkubwa Madee bado mwanafunzi, ila ye angalau watu walijua mistari kwanza, maneno ya ugomvi na uongozi wake wa muziki yakaja baadae. Huyu wa kwetu mmemuanzia na ugomvi. Rapa Nikki wa Pili mpaka mkuu wa wilaya kawa, Kisarawe 2021, na bado saluni kwangu watu wakibishana wanabishania mistari, cheo hakuna anayekigusa.

Mteja wangu mmoja ni wakili, kasema kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi inalindwa tangu ilipotungwa, hata kama COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hujaenda. Sawa. Lakini karatasi ya makubaliano na studio haipo, kuna meseji tu ya M-Pesa ya ile elfu 50, na prodyuza anasema biti ni yake, ambayo kweli ni yake, hapo simbishii. Wakili akakuna kichwa, nikamalizia kunyoa.

Ngoma yenyewe imetoka Alhamisi. Dada wa kwaya kaimba, vesi ya pili ni ile mpya, inamhusu mama yake anayeuza ndizi Kilombero, na pale anapohesabu vichane kwa mapigo ya biti mi nywele zinanisimama. Sasa watu wanalalamika mbona mmeiondoa nananana, wengine wanasema kaikopi ngoma ya mtu. Kaikopi yake mwenyewe! Nikiwa mkweli ile nananana ni tamu kuliko korasi ya dada, dogo sijamwambia, atasoma hapa.

Kwaiyo mhariri naomba mrekebishe, hata pakiwa padogo pale chini ya ratiba ya mpira. Na huyo mwandishi aje saluni, namnyoa bure, anasikiliza ngoma yote kwenye spika kubwa alafu ndo aandike, hata akiiponda sawa tu, mradi kaisikia. Na ile 30,000 mliyoandika kwamba kaikimbia, dogo kaimalizia Jumatatu. Risiti hakupewa.

Kinyozi, Kijenge, Arusha