Kiti wapewe, kura ibaki kwetu

Mhariri,

Kamati ya mradi wetu wa maji, huku Kilifi, ina watu tisa. Watano tunawachagua wenyewe kwenye mkutano mkuu, kwa kuinua mikono chini ya mkwaju. Wanne huteuliwa na mwenyekiti kwa kile ambacho katiba yetu inakiita "ujuzi maalumu". Wote tisa wanapiga kura.

Hebu fanya hesabu. Mwenyekiti, aliye mmoja wa wale watano, na watu wake wanne ni kura tano. Wajumbe wetu wanne waliosalia, hata wakiwa kauli moja, wameshashindwa kabla kikao hakijafunguliwa. Ndivyo ilivyokuwa mwezi uliopita, bei ya mtungi wa lita 20 ilipopandishwa kutoka shilingi 5 hadi 10. Wanne walikataa, watano wakapitisha. Na kati ya wale wa kuteuliwa, wawili wana mifereji ya maji majumbani mwao. Foleni ya kwenye kioski cha maji wanaiona wakipita tu.

Sisemi hawana faida. Mmoja ni mhasibu mstaafu, na ndiye aliyegundua kwamba risiti moja ya dizeli ya pampu imeingizwa vitabuni mara mbili. Mtu kama huyo namtaka kikaoni, tena akae mbele. Lakini risiti ile aliiona kwa macho na akaisema kwa mdomo. Kura haikumsaidia chochote. Mjumbe niliyemchagua nikimkuta kioskini namwuliza, naye hujibu, kwa sababu anajua atarudi kwangu kuomba mkono wangu. Huyu wa kuteuliwa nimwulize kama nani? Aliyempa kiti ni mtu mmoja, na ni huyo huyo awezaye kumwondoa.

Nimeambiwa mbona hata Seneti ina watu wa kuteuliwa. Ni kweli, wako 20. Ila Katiba ya 2010 iliwapangia mipaka. Jambo likigusa kaunti, kila kaunti ina kura moja tu, na mwenye kauli juu ya kura hiyo ni seneta aliyechaguliwa na wananchi, akishashauriana na maseneta wenzake wa kaunti yake. Wa kuteuliwa huchangia na kushauriwa. Kura yake mwenyewe huipata katika mambo yasiyogusa kaunti. Na hata hao huteuliwa na vyama kulingana na viti vilivyoshinda, si na Spika.

Sisi tumeomba kidogo tu: wa kuteuliwa waketi, waseme, wasipige kura. Pendekezo limetiwa sahihi na wanachama 32, na katibu amelipokea na kuligonga muhuri. Sasa anatuambia haliwezi kufika mkutano mkuu kabla ya kupitishwa na kamati.

Ile ile ya watu tisa.

Mwanachama wa mradi wa maji,
Kilifi