Chenja ya diski sio ya kulishwa kwa papara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niseme hili la chenja za diski, zile mashine zinazobeba CD nyingi na kuzibadilisha zenyewe, maana kila siku nasikia watu wanalalamika "imekula CD zangu" alafu mashine inaishia kuuzwa chuma chakavu. Mi naona chenja nyingi haziharibikii kwenye kupiga mziki, zinaharibikia pale pale mtu anapojaza.

Chukua ile ya magazini, lile kasha la diski sita au kumi ambalo kwenye magari mengi lilikuwa linakaa kwenye buti. Mtu anavuta kale katrei kembamba anaweka diski maandishi juu kwa sababu ndo alivozoea kwenye redio ya kawaida, kumbe ziko magazini zinazotaka maandishi yaangalie chini na zingine juu, inategemea leza inayosoma diski imekaa upande gani mle ndani. Ukikosea mashine itaivuta vizuri tu, itaanza kuitafuta, inahangaika weee mwisho inakwambia hakuna diski, na mtu anaanza kuchanga hela ya lenzi mpya. Mchoro wa kuonyesha upande mara nyingi uko kwenye magazini yenyewe lakini nani anaangalia. Hapa watengenezaji nao wana lawama yao, CD imeingia sokoni 1982 na kipimo ni kimoja dunia nzima, upana milimita 120 unene 1.2, sasa waliwezaje kukubaliana kwenye diski wakashindwa kukubaliana ilale upande gani?

Za kwenye dashibodi zenye tundu moja ndo zinaumia zaidi. Ile unabonyeza kitufe cha kupakia, unachagua namba, unasubiri mpaka taa iwake au kioo kikwambie weka, ndo unaisogeza diski mlangoni na ikishashikwa unaiachia, inajivuta yenyewe. Ukimya wa zile sekunde chache ndo unawashinda watu, mtu anadhani haijaingia anasukuma nyingine nyuma yake, diski mbili zinakutana kwenye rola moja na hapo hakuna kinachotoka wala kuingia. Baada ya hapo anatokea mjuaji na kisu. Kisu! Na watu wengi hawajui kwamba upande wa maandishi ndo dhaifu kwenye CD, data imekaa karibu kabisa na ule wino, juu yake kuna vanishi nyembamba tu, wakati upande unaong'aa una plastiki ya zaidi ya milimita moja ya kuilinda. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa, wa juu ukifika kwenye ile tabaka ya rangi ya fedha yenye data basi kwaheri.

Na stika jamani. Zile za karatasi watu wanazobandika kwenye diski walizochoma wenyewe, gundi ikipata joto inaachia pembeni, kwenye pleya ya kawaida unaweza kubahatika lakini kwenye chenja diski inapita kwenye upenyo mwembamba kila inapobadilishwa, inabaki humo. Andika kwa kalamu ya wino yenye ncha laini inayofaa diski, imeisha. Vile vidiski vidogo vya sentimita 8 na zile zilizokatwa umbo la moyo usizijaribu kabisa kwenye tundu wala magazini.

Yale makubwa ya nyumbani ya diski 200, 300 mpaka 400, zinasimama wima kwenye gurudumu kama sahani kabatini, yana raha yake na mi nayapenda kuliko yote. Ila panga kabla hujajaza. Ukiandika majina ya albamu kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa kawaida jina linashikamana na namba ya nafasi, kwahiyo ukija kupachika mpya katikati ukasogeza zote, unaita kwaya inakuja taarabu. Acha nafasi tupu kila baada ya kundi. Na ukihama nyumba zitoe zote kwanza, zikitikiswa njiani zinachomoka kwenye nafasi zake na ukiwasha tu gurudumu linazibana.

Kuchomoa magazini nako sio kwa nguvu, bonyeza kitufe usubiri, mashine inarudisha kwanza diski iliyokuwa inapigwa ndo inalitema kasha. Sasa mafundi naomba na nyie mtusaidie, mtu akija na chenja "haisomi" kabla ya kufungua skrubu hata moja toa magazini, geuza diski upande wa pili, rudisha, usikilize.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.