Risala ya Kikundi cha Watu Wanaoishi na Kisukari kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, viongozi wa dini na wa serikali, ndugu wananchi,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika viwanja hivi vya hospitali, siku ambayo ndiyo aliyozaliwa Daktari Frederick Banting, aliyegundua insulini pamoja na wenzake mjini Toronto mwaka 1921.

Kikundi chetu kilianzishwa na wagonjwa wachache waliozoeana kwenye foleni ya kliniki. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa mno: tumenunua mizani, turubai na viti vya plastiki, na wanachama hukagua nyayo zao kila jioni kwa kioo, kwa kuwa mwenye ganzi ya miguu anaweza kukanyaga msumari asijue mpaka kidonda kinuke.

Hata hivyo, Mheshimiwa, ugonjwa umetuzidi mbio. Watafiti waliopima wakazi wa vijiji vya Tanzania miaka ya 1980 walikuta wenye kisukari hawafiki asilimia 1, ilhali utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikufanana kwa namna zilivyofanywa, lakini foleni ya kliniki yetu haibishani nazo.

Ombi letu ni moja: mashine ya kupima HbA1c. Sukari ikizidi mwilini hunata kwenye hemoglobini ya chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, kipimo hiki huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Kipimo cha kidole husema ya saa ile tu. Wapo miongoni mwetu, na tunalisema hili mbele ya madaktari wetu, wanaojinyima ugali siku mbili kabla ya kliniki, wakasifiwa, wakarudi nyumbani na figo zinazoendelea kuharibika. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza, ulithibitisha kwamba udhibiti wa karibu wa sukari hupunguza hatari ya kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76. Nao udhibiti huo ulipimwa kwa HbA1c.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alilipokea hapa hapa kwa makofi mengi, nasi tukaamini kiasi cha kuchangishana tukajenga meza ya zege yenye vigae maabara na kuvuta soketi ya umeme. Juu ya meza hiyo leo kuna maboksi ya glavu. Aliyemfuata alitueleza kwamba suala limefikia hatua za mwisho, ila hatukubahatika kuelezwa ni mwisho wa nini.

Kwa hiyo tunakuomba, kwa unyenyekevu mkubwa, ahadi yako iandikwe katika muhtasari wa leo, itajwe fungu la fedha na tarehe, na ihusishe vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya kila mwezi pamoja na matengenezo, maana mashine isiyo na vitendanishi tutaifunika kitambaa tu. Tunaomba pia, kabla ya chakula, upite maabara uione meza. Funguo anazo mtaalamu wa zamu, na amekwisha kuarifiwa.

Tunaomba kuwasilisha.