Mhadhiri wa unasihi asiajiriwe kwa machapisho pekee

Kwa Mhariri,

Wiki jana nilisoma tangazo la kazi la chuo kikuu kimoja cha umma hapa nchini Kenya kinachotafuta mhadhiri wa kufundisha unasihi, yaani ushauri nasaha, wa afya ya akili. Nilifurahi, maana nafasi za aina hiyo ni chache. Kisha nikalisoma tena, polepole, hadi mwisho. Anayetakiwa awe na shahada ya uzamifu (PhD), awe amechapisha makala katika majarida yanayotambulika, awe na uwezo wa kutafuta fedha za utafiti na awe mwanachama wa chama cha kitaaluma. Hakuna mahali palipoulizwa kama amewahi kukaa na mteja. Usimamizi wa wanagenzi, yaani wanafunzi walio katika mazoezi ya kazi, haukutajwa kabisa. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini jambo hilo linanitia hofu.

Sina ugomvi na uzamifu wala na utafiti. Mnasihi asiyesoma huweza kuumiza watu kwa nia njema. Kwa miaka mingi, baada ya misiba mikubwa, ilikuwa desturi kuwakusanya manusura mara moja na kumtaka kila mmoja asimulie yote aliyoyaona, kwa imani kwamba kusimulia mapema kutamkinga na kiwewe. Utafiti ukaja kuonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakimkingi mtu, na baadhi ya watu huwazidishia maumivu. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Bila wasomi kufuatilia jambo hilo, tungali tukiwafanyia hivyo watoto wetu. Kwa hiyo mhadhiri asome, atafiti, achapishe. Ninachopinga ni kumpima kwa hayo peke yake.

Unasihi ni kazi ambayo mtu hujifunza akiwa ametazamwa na kusikilizwa na aliyemtangulia. Mimi hupokea wanagenzi katika kliniki ninakofanyia kazi. Mmoja wao, binti mwerevu aliyekuwa akimalizia uzamili, aliniletea kikao alichokirekodi kwa idhini ya mteja. Mteja alikuwa mama aliyefiwa na mwanawe. Tulikaa tukasikiliza pamoja. Mama alianza kwa mambo ya mazishi, akaeleza nani alikuja na nani hakuja, kisha sauti ikashuka: "Siku hiyo alinipigia simu, sikuishika." Akanyamaza. Yule binti hakuuacha ukimya ule hata sekunde tatu. "Usijilaumu, mama. Mungu ndiye hupanga." Mama akajibu, "Ni kweli," na kuanzia hapo hadi mwisho akazungumzia karo ya watoto waliobaki. Ile simu haikutajwa tena.

Nilisimamisha rekodi nikamuuliza mbona alijibu upesi hivyo. Akasema aliogopa mama angelia. Nikamuuliza darasani walifundishwa kufanya nini mteja akinyamaza, naye akanieleza mafundisho ya mwanasaikolojia Carl Rogers: mnasihi kuwa mkweli, kumkubali mteja alivyo, kumwelewa kwa huruma. Hakukosea hata moja. Lakini hajawahi kumwona mhadhiri wake akiendesha kikao, wala mhadhiri hajawahi kusikia kikao chake yeye. Alifundishwa kwa vitabu na slaidi, katika darasa la watu zaidi ya mia, na mtihani wake ulisahihishwa kwa kalamu. Simlaumu hata kidogo. Na huenda mhadhiri wake naye aliajiriwa kwa tangazo kama hili nililolisoma.

Wakati huohuo nchi inatuhitaji kuliko zamani. Mnamo 2020 jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Uamuzi ule ni wa kushukuriwa sana. Mtu aliyejaribu kujitoa uhai ana nafasi zaidi ya kuja kusema bila kuogopa pingu. Basi lazima awepo mtu wa kumpokea, anayejua kumuuliza waziwazi kama bado anafikiria kufa, na kustahimili jibu lolote atakalopewa. Hilo halijifunzwi siku mteja anapoingia.

Angalia pia misiba yetu. Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa chuoni, wengi wao wanafunzi. Shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni. Kila mara tunaambiwa kwamba wanasihi wametumwa. Hao wanasihi hutoka wapi? Hutoka katika madarasa haya ninayoyasema, na wengine huenda kukutana na mzazi aliyetoka kutambua mwili wa mtoto wake wakiwa hawajawahi kusimamiwa ipasavyo hata kwa kikao kimoja.

Kuna jambo lingine ambalo sielewi linawezaje kupita bila mtu kuliuliza. Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi na kuweka utaratibu wa usajili. Mimi nikitaka kumhudumia mteja mmoja, sharti niwe nimesajiliwa. Atakayewafundisha mamia ya watakaowahudumia wateja, tangazo lile halikumdai cheti hicho.

Wapo watakaosema kwamba vyuo vikuu vinafuata viwango vya kimataifa, na uzamifu ndio kiwango. Tuvitazame basi viwango hivyo. Nchini Marekani, CACREP ndilo shirika linaloidhinisha programu za unasihi tangu 1981. Ni kweli kwamba wahadhiri wa kudumu wanaoingia katika programu hizo tangu Julai 2013 hutakiwa kuwa na uzamifu. Lakini ni uzamifu wa elimu ya unasihi yenyewe, na mwenye kuusomea hufunzwa mambo matano: unasihi, usimamizi wa wanagenzi, ualimu, utafiti na uongozi. Utafiti ni jambo moja tu kati ya hayo matano. Tena kwa viwango vya shirika hilo vya 2016, mwanafunzi wa uzamili hufanya mazoezi ya saa 100, kati ya hizo 40 akiwa na wateja, kisha ugenzi, yaani mafunzo kazini, wa saa 600, ambapo 240 ni za wateja. Kwa kipindi chote hicho hupata wastani wa saa moja kwa wiki ya kusimamiwa, akiwa peke yake au na mwenzake mmoja. Usimamizi huo ukifanywa na wahadhiri, kozi haipaswi kuzidi wanafunzi 6 kwa mhadhiri mmoja. Wanafunzi 6! Sisi tumechukua sharti la uzamifu tukayaacha hayo mengine yote.

Najua hatuna fedha za Marekani. Ila hapa hapa nyumbani tunao mfano. Wahadhiri wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Mhadhiri wa upasuaji huzunguka wodini na wanafunzi nyuma yake, na wao humwona akimuuliza mgonjwa, akimgusa tumbo, akibadili mawazo. Hakuna anayeona ajabu kwamba mwalimu yule bado anatibu. Mhadhiri wa unasihi naye apewe siku moja au mbili kwa wiki katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, katika hospitali za rufaa za kaunti, au katika kituo cha unasihi cha chuo chenyewe, ambako mara nyingi foleni ya wanafunzi wanaotaka msaada ni ndefu kuliko mikono iliyopo. Na saa hizo zihesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake, sawa na saa za darasani. Pasipo hivyo ataziacha, kwa sababu hazitampandisha cheo.

Hata usaili wenyewe ungebadilika. Nimewahi kualikwa kama mtaalamu wa nje katika jopo moja la usaili wa nafasi kama hii. Kila mwombaji alipewa muda wa kuwasilisha mada kwa slaidi, kisha akaulizwa juu ya machapisho yake, majarida aliyochapisha na fedha za utafiti alizowahi kupata. Ilipofika zamu yangu nikamuuliza mmoja wao ni lini mara ya mwisho alikaa na mteja. Mwenyekiti akanikumbusha kwa upole kwamba swali hilo halimo katika fomu ya alama. Mwombaji hakulijibu, tukaendelea.

Ningependa liwemo. Zaidi ya hapo, mwombaji aendeshe kikao cha dakika ishirini mbele ya jopo, na mtu aliyejitolea kuigiza mteja, na akiendeshe kwa Kiswahili. Wateja wetu hapa Nakuru huja na Kiswahili, Kikuyu, Kikalenjin na Sheng, wakati mwingine vyote ndani ya sentensi moja, na mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza kitupu hubabaika mara tu mteja anapofungua kinywa. Kisha mwombaji asikilizishwe rekodi ya mwanafunzi, kama ile ya yule binti, aeleze angemwambia nini. Jopo litajifunza mengi hapo kuliko katika orodha ya machapisho.

Na wale wenye uzoefu mrefu wasio na uzamifu wasitupwe nje. Nchi hii ina wanasihi waliokaa na wajane, waraibu, wafungwa na watoto walionajisiwa kwa muda mrefu kuliko umri wa programu nyingi za vyuo vyetu. Leo wakiitwa, huitwa kama wahadhiri wa muda. Kuna wenzangu waliofundisha muhula mzima wakasubiri malipo hadi wakachoka kuuliza. Waundiwe nafasi ya kudumu ya kusimamia mazoezi, yenye mshahara na njia ya kupanda cheo, wafanye kazi bega kwa bega na mwenye uzamifu.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na Bodi ya Wanasihi na Wanasaikolojia zinapaswa kukaa pamoja na kuandika masharti ya kumwajiri mwalimu wa taaluma hii: usajili, miaka ya kuhudumia wateja, uwezo wa kusimamia na idadi ya wanagenzi asiyopaswa kuizidi. Kazi hiyo huenda ikachukua muda. Lakini tarehe ya mwisho ya kutuma maombi katika tangazo nililolisoma bado haijafika. Chuo kinaweza kuchapisha marekebisho wiki hii, na waombaji wakapata nafasi ya kutosha kuambatisha cheti cha usajili na barua ya msimamizi wao.

Mnasihi na msimamizi wa wanagenzi,
Nakuru