Mwanafunzi asibebeshwe hasara ya droo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nimemaliza mwaka mmoja wa mafunzo kazini katika duka kubwa la rejareja hapa Mwanza, na nimejifunza mengi ambayo darasani tuliyanakili tu: kupanga maziwa ili pakiti zinazokaribia kuisha muda zikae mbele, kuhesabu magunia ya mchele kabla ya kusaini hati ya mapokezi, na kutoa risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kodi, hata kwa mteja wa mkate mmoja anayekimbilia daladala ya Igoma.

Lakini jioni moja droo yangu ya fedha za mauzo ilipungua shilingi 14,000, nami nikakatwa kiasi hicho kwenye posho ya nauli, ingawa watu watatu tulikuwa tumetumia mashine ile ile kwa nywila moja. Sikuwa na mkataba wa kuonyesha, kwani barua ya chuo ilitaja tarehe za kuanza na kumaliza pekee. Naviomba vyuo vyetu viandikiane na mwenye duka mapema kuhusu nani anabeba hasara, na msimamizi wa chuo afike dukani walau mara moja kila muhula. Kwangu hakufika kabisa.

Mwanafunzi wa biashara,
Nyamagana, Mwanza.