Saa ya kupiga dawa ya majani

Malindi

Ndugu yangu Bakari,

Assalamu alaikum. Watoto hawajambo? Umeuliza mbona magugu ya shamba lako la Hindi, kule Lamu, yaliungua ncha tu, kisha yakachipua. Sidhani dawa ilikuwa bandia. Ulipiga glufosineti, dawa ya kuua magugu, jua likikaribia kuzama, na dawa hiyo yataka jua.

Glufosineti huvuruga jinsi mmea unavyotumia nitrojeni. Hapo mwanga unaoingia kwenye jani, badala ya kulilisha, hulichoma kwa ndani. Giza likiingia mapema, moto huo haupandi, na mmea hupata nafasi ya kupona. Anza saa tatu asubuhi, umande ukishakauka. Jani linalodondosha maji humwaga dawa chini. Kwa kanuni ya dawa yenyewe unaweza kuendelea hadi saa kumi, lakini kwenu upepo wa bahari hupanda kabla ya adhuhuri, hasa wakati wa kusi, basi jitahidi umalize kufika saa tano. Lowesha jani lote, na usingoje magugu yapite kimo cha sentimita 10, kwani dawa hii haisafiri mbali ndani ya mmea.

Kwa ndago tumia glaifoseti, dawa nyingine ya magugu, inayoshuka hadi mizizini. Hiyo haidai jua kali, ila yadai jani lililokunjuka na mmea usio na kiu. Baadhi ya magugu ya jamii ya kunde hukunja majani usiku, matone yakapita pembeni. Hakikisha mvua haitanyesha kwa saa sita.

Alfajiri tulivu ndiyo inayonitia hofu. Hewa baridi hulala chini ya hewa ya joto, na matone madogo huelea hadi kwa jirani. Ukiwa na 2,4-D, nayo ni dawa ya magugu, pamba na nyanya zake zitajikunja hata kwa chembe kidogo. Washa moshi kidogo: moshi ukitambaa chini, ngoja, ukipanda na kutawanyika, piga.

Tena, maji ya visima vya mwamba wa matumbawe yana chokaa, nayo hukamata glaifoseti. Kwenye bomba la lita 20 yeyusha kwanza gramu 400 za mbolea ya SA (salfeti ya amonia), chuja kwa kitambaa, ndipo utie dawa. Maji ya tope usiyatumie kabisa; udongo huinyonya dawa kabla haijafika kwenye jani.

Niandikie majani yaliyochipua yana kimo gani sasa, nikuambie kama yafaa kurudia au kulima kwa jembe.

Rafiki yako,
Salim